Wavu unaoyeyuka: niliyojifunza nilipotengenezewa titi upya

Tangu nirudi Ujiji nikiwa na titi lililotengenezwa upya, wanawake wananifuata. Wengine huja nyumbani jioni wakijifanya wamepita tu, wengine hunisubiri nje ya geti la shule ninayofundisha. Wanauliza bei, wanauliza maumivu, wanauliza mume alisemaje. Karibu hakuna anayeuliza habari ya wavu, kipande chepesi chenye matundu kinachoshonwa ndani kulishikilia titi jipya. Lakini katika yote niliyopitia, kilichokaribia kunirudisha chumba cha upasuaji bila sababu ni wavu huo, ambao hadi leo unaendelea kuyeyuka taratibu ndani ya kifua changu. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Habari ya saratani yenyewe nitaipitia haraka. Uvimbe niliugusa nikioga, upande wa kushoto. Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, wakanipa rufaa ya Mwanza. Kinyama kikachukuliwa, majibu yakatoka, titi likatolewa lote pamoja na matezi kadhaa ya kwapani. Matezi yalikuwa safi. Nikachomwa dripu za kemo, zile dawa kali za saratani, nywele zikanyonyoka, kisha nikaanzishiwa vidonge vya tamoksifeni, vya kuzuia saratani isirudi. Mionzi sikuhitaji. Hilo la mionzi lishike, lina uzito mkubwa huko mbele.

Baada ya hapo nikaishi na upande mmoja bapa. Mwanzoni nilijaza vitambaa kwenye sidiria. Mwalimu anaandika ubaoni mkono ukiwa juu siku nzima, na kila nilipounyanyua, kile kitambaa kilipanda hadi karibu na mtulinga, nikabaki kukirekebisha nimewapa watoto mgongo. Baadaye nikapata titi bandia la silikoni la kuvaa. Lile lilitulia, ila joto la Kigoma mnalijua: ikifika saa nane mchana jasho limejaa nyuma yake na ngozi inawasha. Sisemi ni kitu kibaya. Halina kisu, halina usaha, halina nauli ya Dar, na anayeweza kuishi nalo kwa amani naomba aishi nalo. Mimi sikuweza. Nilichoka kuamka alfajiri na kuanza kutafuta sehemu ya mwili wangu juu ya meza kabla sijamfungulia mtu mlango.

Mume wangu ndiye aliyesikia kwamba Dar es Salaam kuna madaktari wa upasuaji rekebishi. Tukaenda kwa ushauri tu, tukafikia kwa wifi yangu Kinyerezi.

Daktari niliyemkuta alikuwa mtu wa kuchora. Alichukua karatasi akachora kifua, msuli, ngozi, na akaeleza njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua nyama yako mwenyewe, ya mgongoni au ya tumboni, na kuihamishia kifuani. Ni upasuaji mrefu, unaacha kovu sehemu mbili, lakini titi linakuwa la mwili wako na kwa aliyepigwa mionzi, mara nyingi hiyo ndiyo njia wanayoipendelea. Ya pili ni kipandikizi cha silikoni. Kwa kuwa ngozi yangu ilikuwa imebana baada ya kukatwa, kwanza lingewekwa puto la kuitanua ngozi, lijazwe maji ya chumvi kidogo kidogo, ndipo baada ya miezi litolewe na kipandikizi kiingie.

Hapo ndipo wavu ulipotajwa. Msuli wa kifua, alisema, unafunika puto upande wa juu tu. Chini linabaki na ngozi nyembamba peke yake, na kitu kizito kilichoegemea ngozi nyembamba hushuka, au hukimbilia kwapani. Kwa hiyo hushonwa kipande cha wavu kuanzia ukingo wa chini wa msuli hadi kwenye mkunjo ambapo titi linaanzia. Kinakuwa mfuko. Nyama yako inaota ikipita kwenye matundu ya wavu, na mwisho nyama hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Mume wangu, ambaye ni fundi mwashi, alimkatiza: "Dokta, unasema kama mirunda chini ya zege. Likishika, unaitoa." Daktari akasema ndivyo, isipokuwa hapa hakuna anayeitoa, maji ya mwilini ndiyo yanayozikatakata nyuzi hadi ziishe, na mabaki yake mwili unayaondoa wenyewe.

Alinipa kipande cha mfano nikishike. Cheupe, laini, chepesi mno, matundu yake unayaona ukikielekeza dirishani. Alikitumbukiza kwenye bakuli la maji kikalegea na kulala juu ya vidole vyangu, nikikunja ngumi kinafuata umbo la ngumi. Kwa dakika ile hofu yangu ilipungua kuliko kwa maneno yote niliyokuwa nimeambiwa. Mwombe daktari wako akuonyeshe. Kitu kitakachokaa ndani yako miezi au miaka una haki ya kukigusa kwanza.

Sasa sikiliza sehemu hii vizuri. "Wavu unaoyeyuka" si kitu kimoja. Upo wa poliglaktini, mali ile ile ya nyuzi za kushonea ambazo kila hospitali inazijua. Huo huisha ndani ya miezi miwili au mitatu. Ni wa bei nafuu, lakini unaweza kuondoka kabla nyama mpya haijawa imara. Upo wa polidioksanoni, ambao hukaa miezi zaidi. Upo unaoitwa kwa kifupi P4HB, mali yake hutengenezwa kwa kutumia bakteria, nao huchukua takriban mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Na upo uliofumwa kwa nyuzi za aina mbili: ya kwanza huisha kwa miezi minne hivi, ya pili hubaki hadi karibu miaka mitatu. Mimi niliwekewa huu wa mwisho. Kando ya nyavu hizi za kutengenezwa kiwandani kuna ngozi zilizosafishwa seli zote, nyingine za watu waliofariki na kujitolea, nyingine za ng'ombe, nyingine za nguruwe.

Nilimuuliza waziwazi: "Dokta, hicho mtakachoniwekea kina nguruwe?" Hakunishangaa. Alisema wanawake Waislamu wengi hubaki na swali hilo moyoni, wanasaini, kisha wanaishi na wasiwasi kila wakisimama kuswali. Akanihakikishia kwamba wavu wangu hauna kitu cha mnyama yeyote. Bado nilimpigia ustadhi wetu Ujiji. Akaniambia dharura ina hukumu yake, lakini kama kipo kisicho na shaka, mwalimu, chukua kisicho na shaka. Dada zangu, ulizeni mapema. Usingoje siku umelala kwenye kitanda cha magurudumu na sindano iko mkononi.

Halafu fedha. Bima yangu haikulipia hatua hii. Karatasi ya makadirio ilikuwa na mistari mingi: chumba cha upasuaji, daktari, nusu kaputi, wodi, puto, kipandikizi, dawa. Vyote vilikuwa kwa shilingi isipokuwa wavu, ulioandikwa kwa dola kwa sababu uliagizwa nje, na bei yake ilikaribia ya kipandikizi chenyewe. Kwa hiyo tulichokipanga siku ya ushauri si tulicholipa siku ya kulipa, maana dola ilikuwa imepanda. Tuliuza kipande cha shamba la michikichi upande wa Mwandiga, nikakopa saccos ya walimu. Kuna siku nilikaa na daftari la hesabu nikalia, nikijiuliza kama nina haki ya kula ada za watoto kwa ajili ya titi. Mume wangu alifunga lile daftari akasema tumeshaamua. Namshukuru, lakini machozi yale yalikuwa ya kweli na sitaki mtu adhani uamuzi huu ni mwepesi.

Na makadirio hayasemi yote. Hayasemi miezi ya kuishi Dar kwa sababu puto linajazwa mara kwa mara na huwezi kwenda Kigoma na kurudi. Hayasemi bajaji, bandeji, sidiria maalumu ya kufunguka mbele, wala mshahara wa dada wa kukusaidia nyumbani kwa sababu ndoo ya maji huruhusiwi kuinyanyua. Ukipewa jumla, uliza: hapa hakuna nini?

Kabla ya kupasuliwa daktari alinipima sukari, akauliza kama navuta sigara, na kama kuna anayevuta ndani ya nyumba. Sigara na kisukari huharibu uponaji wa ngozi, na ngozi isipopona wavu na puto huwa hatarini. Akauliza pia vidonge ninavyomeza. Tamoksifeni huongeza uwezekano wa damu kuganda, kwa hiyo yeye na daktari wangu wa saratani ndio walioamua lini niisimamishe na lini niendelee. Usiiache kwa akili yako, na usinyamaze kwamba unaimeza.

Upasuaji wa kwanza ulipita salama. Niliamka na mirija miwili ikitoka ubavuni, kila mmoja na kichupa chake cha plastiki cha kuvuta majimaji. Asubuhi na jioni wifi yangu alimimina, akapima, akaandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa friji. Kanuni niliyopewa ni kwamba mrija hautolewi mpaka majimaji yashuke chini ya mililita 30 kwa siku. Mirija inachosha, inanuka, inavuta ngozi ukigeuka, na utatamani kumbembeleza sista akutolee. Usimbembeleze. Majimaji yakibaki kuzunguka wavu, nyama haishikani nao vizuri na vijidudu vinapata pa kukaa. Nililala nimeegemea mito, nikaswali nimekaa kitini, sijda kwa kuinamisha kichwa tu.

Wodini nililala jirani na mama mmoja aliyekuwa amepigwa mionzi miaka ya nyuma. Naye aliwekewa puto na wavu, na ngozi yake ikaanza kuwa nyeusi kwenye mshono, kisha ikafunguka. Walimrudisha ndani wakatoa kila kitu. Usiku ule alinishika mkono hakusema neno hadi alfajiri. Baadaye aliniambia alikuwa ameelezwa kwamba mionzi inaongeza hatari, lakini ameelezwa mara moja, kwa haraka, akiwa na furaha ya kusikia kwamba inawezekana. Kama umepigwa mionzi, kaa na daktari zaidi ya mara moja kwa jambo hilo tu, na muulize juu ya nyama ya mwili wako mwenyewe.

Kujazwa puto ni jambo dogo kulisimulia na kubwa kulipitia. Wanatafuta kwa sumaku mahali penye tundu la kujazia, wanachoma sindano, maji yanaingia. Sindano yenyewe sikuihisi sana kwa sababu ngozi pale haina hisia tangu kukatwa. Ni usiku wake: kifua kinabana, unavuta pumzi fupi fupi. Kwa sababu tundu hilo lina sumaku ndani yake, mwenye puto la aina ile haruhusiwi kuingia kwenye kipimo cha MRI, ambacho hutumia sumaku yenye nguvu. Nilipewa barua ya kusema hivyo na niliibeba kila mahali.

Miezi ikapita, nikarudi kubadilishiwa. Kipandikizi niliomba kiwe laini juu, si cha kukwaruza, kwa sababu aina fulani ya vile vyenye uso wa kukwaruza viliondolewa sokoni duniani mwaka 2019 baada ya kuhusishwa na saratani adimu ya limfu. Baada ya upasuaji daktari alikuja kitandani amefurahi kabisa. Alisema wavu ameukuta umeshikana na nyama, huwezi kuubandua, na mishipa midogo ya damu imepita kwenye matundu yake.

Safari ya kurudi ni zaidi ya kilomita 1,200. Niliweka khanga iliyokunjwa kati ya mkanda wa kiti na kifua, na kila basi liliposimama nilishuka kutembea ili damu isilale miguuni. Pale Tabora kuna mama aliyenionea huruma akaninunulia asali, akidhani nina malaria.

Nyumbani, baada ya muda, pakavimba kidogo chini ya titi. Hakuna homa, hakuna wekundu. Nikaenda kituo kimoja cha binafsi kupima altrasaundi. Mpimaji alikawia kwenye sehemu moja, akasogeza kile kifaa mbele na nyuma, akamwita mwenzake. Kisha akaniambia, "Mama, humu ndani kuna kitambaa. Walisahau." Nikasema si kitambaa, ni wavu. Daktari wa pale akauliza uliwekwa lini, nikamtajia mwezi. Akatikisa kichwa: "Hizo nyuzi huyeyuka ndani ya wiki chache. Ungekuwa umekwisha."

Unaona sasa? Yeye aliujua ule wa poliglaktini, wa miezi miwili au mitatu. Wangu ulikuwa wa miaka. Akataka kuvuta majimaji kwa sindano pale pale, halafu wanifungue. Karatasi yangu ya kuruhusiwa Dar ilikuwa na mstari mmoja kuhusu upasuaji: kuwekewa kipandikizi, kushoto. Neno wavu halikuwamo kabisa. Kaka yangu alishaanza kuzungumzia wakili. Mimi nilitetemeka miguu, nikijiona nimebeba uchafu kifuani miezi yote ile, lakini nilikataa sindano. Nilikuwa nimeambiwa kwamba anayeingiza sindano jirani na kipandikizi awe anaona njia yake kwenye altrasaundi na awe anajua anachokiona, la sivyo atakitoboa.

Tulipiga simu Dar hadi wakachoka nasi. Hatimaye ikatumwa kwa WhatsApp picha ya maelezo kamili ya upasuaji, pamoja na stika za boksi la wavu na la kipandikizi: jina la kifaa, namba ya toleo, ukubwa, tarehe. Nikaipeleka kwa daktari wa hospitali ya mkoa. Aliisoma yote kabla hajanigusa. Kisha akanipima mwenyewe, akanionyesha kwenye kioo: huu mstari ndio wavu wako, hiki cheusi chembamba ni majimaji kidogo, hakuna dalili ya usaha. Akasema tusubiri na kutazama. Uvimbe ukapungua wenyewe.

Kwa hiyo usitoke hospitali bila maelezo hayo. Si karatasi ya kuruhusiwa: maelezo ya upasuaji yenyewe, na stika. Stika huja ndani ya boksi kwa kazi hiyo hiyo. Mwambie daktari aandike kwa maneno, "wavu huu unatarajiwa kuonekana kwenye vipimo hadi muda fulani." Uliza pia kama kifaa kimesajiliwa na TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, na boksi lifunguliwe siku hiyo hiyo likiwa na tarehe yake. Na ujue ya kukimbiza hospitali usiku huo huo: homa, wekundu unaosambaa, joto, usaha, mshono kufunguka. Hayo hayasubiri simu ya Dar.

Wapo wanaonijia ambao hawana saratani. Wamenyonyesha, matiti yameshuka, wamesikia kwamba wavu unaweza kuwekwa kama sidiria ya ndani wakati wa kunyanyua matiti. Ni kweli hufanyika. Lakini daktari wangu aliniambia jambo nami nalisema bila kulipunguza: Novemba 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaandikia madaktari kuhusu nyavu za kampuni moja, ikisema usalama na ufanisi wake katika upasuaji wa matiti haijauthibitisha. Mimi nilikuwa na sababu iliyonipeleka. Mwenye matiti mazima afikirie mara mbili, na akishawekewa amwambie kila atakayempima, maana bado ana titi la kuchunguzwa saratani maisha yake yote. Hata mimi upande wa kulia napimwa kila mwaka.

Titi langu jipya halina hisia, na nikipitisha kidole kwenye mkunjo wa chini kuna ukingo mgumu kidogo ninaousikia. Daktari anasema kipandikizi si cha maisha. Huenda siku moja kikabadilishwa. Nayajua hayo na ningerudia uamuzi wangu. Naandika ubaoni bila kujirekebisha.

Nakala ya maelezo yangu iko kwenye faili la hospitali ya mkoa, nyingine kwa wifi yangu Kinyerezi, na picha iko kwenye simu ya mume wangu. Karatasi ya makadirio nimeitunza pia. Anayejiandaa kwenda, na aje nyumbani jioni tuisome pamoja, ajue kwenye kila mstari aulize nini.